Alama Niliyoifagia

Mzee niliyefanya naye kazi Vwawa alikuwa na faili moja la mchoro ambalo hakuruhusu mtu alifagie. Kufagia ndivyo tulivyoita ile amri ya kuondoa bloku zisizotumika. Bloku ni kitu kilichochorwa mara moja, mistari yake ikafungwa pamoja na kupewa jina, ili ukitaka kitanda au choo au mti uite jina lake tu badala ya kuchora upya. Katika faili la mzee zilikuwamo mamia. Nyingi hazikuonekana popote kwenye karatasi. Zilikaa ndani ya faili zikilifanya zito, na yeye kila kazi mpya aliianza kwa kunakili faili hilohilo. Likifunguliwa asubuhi, ungeweza kushuka dukani, ukanunua maandazi, ukarudi ukalikuta bado linafunguka.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo. Bado tulikuwa mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Ofisi yetu ya upimaji na uchoraji ilikuwa chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na malori ya kwenda mpakani yakipita skrini zilitetemeka.

"Mzee, vitanda vya nini kwenye mchoro wa barabara?" nilimuuliza.

"Viache."

"Vya nini lakini?"

"Kijana, niliwahi kufagia mara moja, kazi ikaniumbua. Sijui inavyofanya. Viache tu."

"Hiyo si sababu, mzee. Huo ni uchawi."

Dada wa mapokezi alicheka. Nilikuwa nakipenda kicheko chake, kwa hiyo niliendelea. Mzee alijifunza kuchora kwa wino, kwenye shirika la umma ambalo baadaye liliuzwa, akatolewa pamoja na meza yake. Kompyuta alifundishwa ukubwani na vijana wasio na subira, na kila hatua aliiandika kwenye daftari la mistari ya miraba. Bonyeza hapa. Subiri. Usiguse. Akitoka kwenda kula, nililifungua daftari hilo na kulisoma kwa sauti yake, kwa lafudhi yake ya milima ya Ileje. Siku moja alirudi kabla sijamaliza ukurasa. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, akalichukua, akakaa kwenye kiti chake.

Kazi tuliyokuwa nayo ilikuwa barabara ya kuingia maegesho ya malori, Tunduma. Mimi ndiye niliyeshika fimbo ya kupimia. Unaisimika kwenye kona ya nyumba, mwenzako mwenye mashine anachukua pointi, unamtajia msimbo: nyumba, kisima, mti. Kwenye ukanda wote wa kubomolewa kulikuwa na kaburi moja tu, nyuma ya chumba cha mama mmoja aliyekuwa akiwauzia madereva chikanda, kile chakula cha mizizi na karanga. Lilikuwa kaburi la mtoto. Matofali yalikuwa yameshazama, na juu yake sahani ya bati imepinduliwa.

"Weka fimbo hapa kichwani," aliniambia. "Sasa weka na huku miguuni."

"Mama, pointi moja inatosha."

"Weka, mwanangu. Fimbo yako haitakatika."

Niliweka.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Maana mimi naenda Chitete kuvuna kwa dada yangu. Siku ya kumhamisha waniite. Nataka nimbebe mwenyewe."

"Kaburi likishaandikwa halivunjwi mpaka ndugu waitwe," nilimwambia. Ndiyo ilikuwa kanuni, na niliijua vizuri. Mengine yote niliyokuwa nikiyajua niliyajua vizuri vilevile.

Siku iliyofuata mzee alikwenda kliniki. Nilikaa kwenye kompyuta yake. Orodha ya majina ya bloku ilishuka na kushuka: vitanda, masinki, magari ya mtindo wa zamani, na katikati KAB, msalaba mdogo wenye duara.

"Njoo uone," nilimwita dada wa mapokezi. "Mzee anafuga makaburi."

Nilifagia zote. Faili lilibaki jepesi, likawa linafunguka kabla hujavuta pumzi. Nilihifadhi juu ya lile la zamani, na nakala sikuweka. Nilitaka akija asione pa kurudi.

Asubuhi mzee aliingiza pointi zetu kama alivyozoea, kwa kijiprogramu alichokiandika mtu aliyekwisha kuhama ofisi hiyo. Kilikuwa kikisoma kila msimbo, kinatafuta bloku yenye jina hilo ndani ya faili, kinaibandika mahali pake. Kikiikosa, hakilalamiki. Kinaruka, kinakwenda pointi inayofuata. Nyumba tulizichora kwa mistari, visima na miti tukaviweka kwa mkono, kwa hiyo hakuna aliyeona pengo.

"Leo mashine imeamka vizuri," mzee alisema, akisugua mikono.

Mimi na dada wa mapokezi tuliangaliana.

Mchoro ulitoka, jina la mzee likiwa kwenye kisanduku cha mchoraji, pembeni chini. Wiki kadhaa baadaye greda lilipita. Dereva wake alikuwa na karatasi, na karatasi haikuwa na kaburi.

Mama alikuja Vwawa na ile sahani. Ilikuwa imekunjika katikati. Hakupiga kelele. Alimwambia bosi kwamba ameuliza maegesho, ameuliza kata, wote wamemwelekeza kwa waliochora.

Bosi alimwita mzee. Mzee alifungua faili, akaandika KAB, mashine ikajibu kwamba hakuna bloku yenye jina hilo. Aliandika tena polepole, herufi moja moja. Kisha akanigeukia. Alinitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni. Nilikuwa nachonga penseli.

"Darasa la saba na kompyuta, wapi na wapi," bosi alisema. "Jina la nani hili hapa?"

"Langu," mzee alisema.

"Basi chukua vitu vyako."

Alikuwa na koti na daftari. Daftari aliliweka mezani kwangu, akashuka ngazi. Nilingoja dada wa mapokezi aseme. Alikuwa ameinamia simu yake.

Mama alikuwa bado amesimama.

"Wewe ndiye uliyeniambia umeandika," alisema.

"Niliandika, mama."

Nilimfungulia orodha ya pointi za siku ile ili aone sikusema uongo. Mistari miwili, tarakimu za mahali, na mwishoni KAB, KAB. Alisogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo, kwenye mstari wa kwanza.

"Hiki ni kichwa?"

"Ndiyo."

"Na huku miguu."

"Ndiyo, mama."

Aliomba apewe. Nilichapa ukurasa mzima. Akaniambia yeye hana haja na mistari ya nyumba za watu. Nikaikata ile mistari miwili kwa mkasi, kijikaratasi chembamba, akakilaza ndani ya sahani na kuifunga kwenye kanga. Kabla hajashuka aliniuliza kama kwa tarakimu zile mtu angeweza kuonyeshwa mahali penyewe, hata sasa, juu ya kifusi.

Ingewezekana. Ni kazi ya nusu saa, kwa fimbo na mashine.

Nilimwambia vifaa ni vya ofisi.