Jiwe Lililolala Majini

Jiwe la mashine yangu ya kunoa, la pekee nililo nalo, lilikuwa linagonga panga kila lilipozunguka. Nilishuka kutoka Butembo hadi Beni na kukuta mapanga ya wavunaji wa kakao yamepangwa ukutani, bado butu.

Jiwe hilo huzunguka ndani ya beseni dogo la maji ili chuma kisiungue. Kazi ikiisha, maji humwagwa. Nilikuwa nimemwonyesha mdogo wangu, anayeniendeshea mashine hiyo huko Beni, mara tatu. Yeye aliyaacha Jumamosi, akaenda misa Jumapili, na nusu ya jiwe iliyozama ikanywa maji hadi ikalainika. Jumatatu aliponoa, upande huo ulilika upesi, jiwe likaacha kuwa duara.

«Yaya, huku joto ni mingi. Niliona jiwe ikikauka itapasuka,» alijitetea, akiniita yaya kama wadogo wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao.

«Jiwe ni maharagi, unailowesha?»

«Mais, lakini Butembo ni baridi, yaya! Hapana sawa na huku.»

Hasira ilinishika hata nikasahau kumsalimia mke wake. Nililifungua jiwe, nikaliacha likauke. Itabidi kulichonga liwe duara tena, na hadi leo sijui kama litakalobaki litakuwa na ukubwa wa kutosha kufikia makali ya panga.