Maji ya Namba Sita

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mzime simu kwanza. Mimi niliishia darasa la tatu pale Rhotia, na sababu yake mtaisoma hapa hapa, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Mjukuu wangu ndiye aliyenisahihishia herufi. Maneno sikumruhusu ayaguse.

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa imechanganyika na udongo mwekundu uliolowa, hata leo, hata nikiwa kanisani, naiona nyumba ile. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma nyuma ya maduka ya barabara kuu ya Karatu, ile inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Ilikuwa na bati moja tangu mwanzo hadi mwisho, na milango minane imepangwa kama meno. Yote ilitazama ua mmoja, na ua ulikuwa na bomba moja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Wapangaji hatukuitana kwa majina ya ukoo, tuliitana kwa namba. Namba moja alikuwa mzee wa Kimasai aliyelinda duka, alilala mchana na kugomba kila sufuria ilipoanguka. Namba tano alikuwa Mama Zuhura, Mrangi wa Kondoa, aliyekaanga maandazi tangu kabla ya jua na kucheka kwa sauti ya kufukuza kunguru. Sisi tulikuwa namba sita. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati, ziliachwa wazi kiasi cha mkono, kwa hiyo mtu akipiga chafya namba mbili, namba saba anamwombea afya. Penye wengi pana mengi. Waligombana kwa zamu ya kufagia choo asubuhi, na jioni wakaazimana chumvi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita, sabuni ilipatikana kwa foleni, na aliyewahi foleni aliwashikia nafasi wa nyumba nzima.

Nilipelekwa pale nikiwa na miaka tisa hivi, kubeba mtoto wa shangazi yangu. Shangazi alipika kwenye mgahawa wa stendi, na mumewe alikuwa na mke mwingine Mbulu na hakuonekana. Baba akasema shule itanisubiri. Haikunisubiri. Mtoto aliitwa Yohana, mzito kama debe la maharage, na alikuwa na tabia ya kunishika sikio akitaka kulala. Kutwa nilikuwa naye mgongoni, nazunguka ua, na wanawake wa pale walinitania, "We Paskalina, mtoto amekubeba au umembeba?" Nilipenda kuulizwa hivyo. Nilikuwa mtu mwenye kazi katika nyumba yenye watu.

Kisha surua ikaingia mjini. Yohana alishikwa na homa siku ya kwanza, vipele siku ya tatu, na siku ya sita, mchana jua kali, mkono wake uliacha sikio langu. Nilidhani amelala. Niliendelea kuzunguka naye ua mzima, naimba kidogo kidogo, mpaka shangazi aliporudi kutoka stendi akamtazama usoni, akanyoosha mikono kumpokea.

Sasa lazima niwaeleze jambo, maana nyie mmezaliwa baada yake. Sisi Wairaqw wa zamani, kifo cha mtoto kikiingia nyumba, nyumba ile ilijitenga. Kujitenga huko wazee walikuita metimani. Mama wa marehemu, na yeyote aliyemshika, hali chakula na watu, hachoti maji pamoja na watu, haingii boma la mtu mwingine wala hapiti karibu na ng'ombe wake, kwa sababu kifo kimemshika nguo na anaweza kumwambukiza mwenzake. Halikuwa jambo la kuchukia watu, lilikuwa la kuwalinda. Kule vijijini kila mtu alijua, alipita mbali na kusubiri. Makanisa yalikuwa yameanza kulifuta, na shangazi alikuwa amebatizwa, lakini mwanamke aliyezika mtoto wake wa pekee hataki kumjaribu Mungu kwa watoto wa wenzake. Ndugu wawili wa baba walikuja, wakamchukua Yohana wakamzika Rhotia, na shangazi akafunga mlango wa namba sita, mimi ndani na yeye ndani. Akasema, "Mpaka mahindi yavunwe. Usiguse bomba. Usiongee na mtu. Na nyumbani kwenu huendi, kuna wadogo zako na ng'ombe wa baba yako."

Lakini pale hatukuwa kijijini. Wapangaji walijua msiba kwa namna yao, kwamba watu hujaa, wanalala na mfiwa, wanapika. Siku ile ile Mama Zuhura alikuja na sufuria ya wali, nyuma yake wanawake watatu na kuni, mzee wa Kimasai naye na maziwa kwenye kibuyu. Shangazi alifungua mlango kiasi cha upana wa uso wake. Akasema, "Hapana," akafunga. Hakueleza, kwa sababu jambo lile lenyewe halikuwa la kutajwa. Nilisikia wamesimama pale nje muda mrefu. Kisha nikasikia Mama Zuhura akisema, taratibu, si kwa sauti yake, "Haya. Wenye nyumba yao wamekataa chakula chetu."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu siku ile nyumba yenye vyumba vinane ilikuwa na vyumba saba. Hawakututukana. Walitupita tu. Shangazi alitoka alfajiri kuchota maji korongoni, chini kabisa, chini ya pale walipochota watu wote, na akirudi ua ulinyamaza mpaka mlango ufungwe. Mimi nilibaki ndani na kitanda na sufuria mbili. Niliwasikia wote. Nilijua namba tatu wamekula nini, nilijua mtoto wa namba nane ana kikohozi, nilijua Zuhura, msichana wa umri wangu, ameruka kamba mara ngapi, maana nilimhesabia kwa kidole ukutani. Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake walisema kweli. Mnaosema mnapenda kukaa peke yenu hamjakaa peke yenu katikati ya watu.

Baba alikuja mara moja kuleta unga. Hakuvuka ua. Aliweka gunia dogo karibu na bomba, akarudi nyuma mpaka kwenye lango, ndipo shangazi akaniambia nitoke nilichukue. Nilisimama na gunia, nikamtazama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Umerefuka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Rudi ndani."

Alipoondoka niliona anatembea kama mtu aliyesahau kitu, anageuka, anaendelea. Ndipo lile wazo lilipoota. Kama baba yangu anaogopa kunigusa, basi ni kweli kifo kiko kwangu. Na kama kiko kwangu, basi Yohana alikipata kwangu. Nilikuwa nimemfunga mgongoni na homa yake, juani, siku sita. Wazo hilo nililila na kulinywa, na sikuwa na mtu wa kumwuliza. Shangazi sikuweza. Ungemwulizaje?

Siku moja asubuhi, shangazi akiwa korongoni, ukuta wa namba tano ukazungumza.

"We mtoto."

Nikaacha kusugua sufuria.

"We mtoto wa namba sita. Najua upo, nasikia unavyokwaruza sufuria."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ulimi upo. Nilidhani mmekatana ndimi humo ndani."

"Shangazi kasema tusiongee na watu."

"Kwani mimi ni mtu? Mimi ni ukuta." Nikasikia anageuza andazi, mafuta yakalia. "Ukuta unauliza. Nimewakosea nini mpaka nifungiwe mlango usoni na wali mkononi? Mchele ule niliupangia foleni tangu alfajiri."

Nikamwambia. Niliyasema kwa haraka, hovyo hovyo, kwamba mtoto akifa tunakaa peke yetu, kwamba tukigusa ndoo yake kifo kitakwenda kwa Zuhura, kwamba shangazi hakuwachukia. Mafuta yakaendelea kulia, na nikanusa andazi linaungua, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa Mama Zuhura.

"Kumbe mko eda," akasema mwishoni. "Na mimi nilikaa, baba yake Zuhura alipofariki. Miezi minne na siku kumi. Lakini mimi mashoga waliingia, wakanisuka, wakanichekesha kwa lazima. Hii yenu haina hata mtu wa kusuka nywele?"

"Haina."

"Na wewe unakaa kwa nini? Si wewe uliyemzaa."

"Mimi ndiye niliyembeba." Halafu likanitoka, sikulipanga. "Mama Zuhura, alikufa kwa sababu nilimfunga mgongoni ana homa?"

Nilisikia anaepua karai, anaweka chini. Sauti yake ikaja kwa juu zaidi, nadhani alipanda kwenye kigoda ili iniingie vizuri.

"Nisikilize. Namba nane surua imewaingia, namba tatu imewaingia, hakuna aliyebebwa na wewe. Surua haiulizi mgongo wa nani. Yule mtoto kama alikufa mgongoni kwako, alikufa mahali palipo na joto. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi lia kidogo, halafu osha hiyo sufuria, imenichosha."

Kesho yake asubuhi nilisikia ndala zinakuja mpaka mlangoni kwetu na kusimama. "Namba sita, toeni ndoo yenu. Ni mimi, Mama Zuhura. Sitagusa kitu."

Shangazi alinitazama. Nikajua nimekwisha.

"Umesema," akasema.

"Nimesema."

Alikaa muda wa chai kuchemka, kitambaa kimemfunika mpaka machoni. Kisha akasema, "Toa ndoo." Niliiweka kizingitini nikarudi nyuma. Mama Zuhura akamimina kutoka kwenye ndoo yake, juu juu, bila chombo kugusa chombo, na maji mengine yakamwagika yakaingia chini ya kitanda. Tangu hapo walikuja kwa zamu, kama zamu ya kufagia. Kila mmoja alisimama hatua moja kutoka mlangoni, akataja namba yake na jina lake, akamimina, akasubiri tuseme majina yetu na asante, ndipo akaondoka. Hata mzee wa Kimasai. Yeye alisema, "Namba moja. Maji. Sijalala bado." Shangazi alicheka, na kicheko kile kilimshtua mwenyewe.

Msidhani upweke uliisha. Hakuna aliyeingia. Zuhura alikatazwa kunikaribia, akawa anaruka kamba mahali ninapomwona, basi. Mchana ulikuwa mrefu vile vile. Lakini kila asubuhi mtu alisema jina lake mlangoni kwangu, na mimi nilisema langu, na kwa hiyo nilijua bado ninalo.

Mahindi yalipovunwa tulichukuliwa Rhotia. Kondoo alichinjwa, tukaogeshwa, tukanyolewa nywele zote, na baba akanishika bega, kwa nguvu, akaliachia kama amechomwa. Wiki iliyofuata nilirudi Karatu na shangazi kuchukua vyombo. Nilikimbia ua mzima mpaka namba tano, nilitaka kumsalimia kwa mkono. Alifungua mwanamume nisiyemjua. Mama Zuhura alikuwa amehamia kwao Kondoa, na aliniachia chanuo cha mti kwa mzee wa Kimasai. Mzee alinitazama upara wangu, akatazama chanuo, akasema, "Zitaota." Mwanamke yule sikuwahi kumgusa mkono maisha yangu yote.

Leo naishi Karatu ile ile, ghorofa ya pili, kwa mwanangu. Chini magari ya watalii yanapita kwenda bonde la Ngorongoro, juu kuna vigae na mlango wa chuma na kitufe cha kengele. Kuta zimefika juu kabisa. Milango ya wapangaji iko sita, na kwa mwaka mzima najua jina la mlinzi tu. Nyumba ni nzuri, sikatai, kila mtu ana bomba lake na choo chake, hakuna wa kugombana naye. Hakuna wa kuazima chumvi pia.

Majuzi dada wa mlango wa pili, anayefanya kazi hoteli, hakutoka siku tatu. Viatu vyake vilikuwa nje. Nikawauliza wajukuu. Wakasema, "Bibi, mwache, hiyo ni praivasi yake." Nikajaza ndoo ndogo.

"Bibi, ana bomba ndani," akasema mkubwa wao, anacheka.

"Najua."

Niliweka ndoo mlangoni kwake, nikarudi hatua moja, nikasema, "Mlango wa tatu. Paskalina. Maji." Magoti yananiuma siku hizi, lakini nilisimama. Mwishowe alifungua kiasi cha upana wa uso. Macho yamevimba. Aliitazama ndoo, akanitazama, akasema jina lake, Neema, akavuta ndoo ndani na kufunga. Sikujua kilichompata na sikumwuliza.

Nikarudi nikawakusanya wote sebuleni, mwanangu, mkewe na wajukuu, nikazima televisheni kwa mkono wangu. Nikawaambia: katika nyumba hii, mlango wa jirani ukifungwa siku mbili, mtu anakwenda na maji. Anataja jina lake kwa sauti. Haulizi kitu. Na asirudi hapa mpaka amejibiwa.