Godoro la Mpasua Mbao

Jumatano, tarehe 10 Aprili. Jana mchana jua kali, jioni mvua ya upepo.

Jirani yangu mpasua mbao hupima ukavu wa ubao mgumu kwa kuugonga kwa kifundo cha kidole, sikio juu yake, macho ameyafumba kama anayenong'onezwa siri. Usipolia vizuri huurudisha kwenye rundo akiubembeleza: "Bado mbichi, mama." Seremala wake akikuta ubao mmoja umelowa hukataa mzigo wote. Ndiyo maana upepo ulipochana turubai lililofunika rundo jana jioni, aliingiza mbao chumbani mbiombio, na ili zienee akalitupa godoro barazani. Mvua ikalifuata huko huko.

Mkewe alitoka jikoni, mikono kiunoni.

"Baba Watoto, mbao zimelala kitandani. Mimi nilale wapi?"

"Vumilia, mke wangu. Seremala anakuja kesho."

"Basi na akupikie yeye!"

Akachukua mkoba, akaenda kulala kwa dada yake.

Leo asubuhi seremala alipakia mbao zote bila kukataa hata moja. Mke aliporudi, alimkuta mumewe uani amepiga magoti, sikio kwenye godoro, analigonga kwa kidole.

"Bado bichi, mama," alimwambia.

Mke akageuka na mkoba wake.