Bakuli Jeupe na Nyama ya Jeraha

Siku moja naikumbuka kama jana, mwanangu, siku nilipoonyeshwa kilichokuwa ndani ya chakula chako. Umenipigia simu kutoka Muleba kwamba umepata kibali cha kuwinda, na dukani wamekuwekea risasi za aina mbili: moja ina ledi ndani, yale madini mazito ya betri, nyingine ni shaba tupu. Umeniuliza uchukue ipi. Mambo haya hayafai kujibiwa kwa simu, nimeona niyaandike.

Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, na ugonjwa ule tuliouita Juliana, UKIMWI wa leo, ulikuwa umeshaingia majumbani. Mama yako, dada yangu Kokugonza, alirudi kwetu Nyanga amekonda, wewe mgongoni, meno yako hayajafika sita. Mimi nilikuwa kijana mwenye gobole na majivuno, na gobole ndilo lililokuwa jepesi kati ya hayo mawili.

Bondeni lilikuwa limeachwa lori bovu la wakati wa vita. Nikang'oa betri zake, nikayeyusha ledi kwenye kopo, nikaimimina katika kalibu za udongo kutengeneza goroli za gobole. Zilifika mbali kweli. Nilijisifu kwamba hakuna pongo, yule swala wa vichakani, aliyenikimbia, ingawa waliokimbia sikuwahesabu.

Sasa sikia kosa lilipokaa. Wawindaji wa kwetu tulikuwa na desturi kwamba nyama ya jeraha, ile iliyopondwa na goroli, hupewa mgonjwa na mtoto mdogo, kwa sababu ni laini na haidai meno. Basi kila nilipoua, kipande hicho kilikwenda kwa mama yako. Alikula kidogo, kingine akakutafunia wewe. Nilijiona ndugu mwema kupita wote.

Asubuhi moja mzee Bitegeko, mhunzi wa Nshambya, alikuja kumjulia hali mama yako. Alikuwa anatafuna punje zake za kahawa taratibu, akaniona nakukatia kipande. Akaacha kutafuna.

"Waitu, mwanetu, mnyama huyu umempiga kwa kitu gani?"

"Kwa goroli za betri, tata," nikamjibu kama ninavyomwita baba. "Zinafika mbali."

"Niletee maji. Na bakuli jeupe."

Akakiponda kile kipande majini kwa vidole vyake vigumu, kisha akamwaga maji polepole. Chini zikabaki chembe za kijivu, ndogo kama mbegu za mchicha, nyingine ndogo zaidi. Mama yako, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni akiegemea ukuta, aliziona kabla yangu.

"Kaka," akasema, "mimi nina gonjwa langu tayari. Huyu usimlishe hiyo."

Niliumia, mwanangu. Hata sasa ninapoandika naumia.

"Ledi ni laini," mzee akaniambia. "Ikigonga mfupa inasambaa mpaka pasipoonekana. Nimewaona wenzangu walioiyeyusha miaka mingi, mikono inatetemeka, matumbo yanasokota, na hao ni watu wazima. Kesho njoo kibandani kwangu nikukatie chuma."

Nilibisha kwamba chuma ni chepesi, hakitafika mbali. Akacheka.

"Basi sogea karibu. Au miguu nayo ni ya ledi?"

Wiki tatu nilirudi mikono mitupu. Vijana wa Miembeni wakaniita mwindaji wa nyasi. Lakini mvumilivu hula mbivu: nikajifunza kusoma upepo na kulala kifudifudi kwenye matope mpaka pongo awe hatua ishirini. Nilipompata wa kwanza nilikata jeraha lote nikalifukia, nikachukua nyama ya pembeni yake na kuiosha katika lile bakuli mbele ya mama yako. Maji yalikuwa mekundu, lakini chini palikuwa safi. Akapitisha kidole akahakikisha, ndipo akakulisha.

"Sasa mwanangu amekula," akasema, akacheka cheko hilohilo ulilo nalo wewe.

Sisemi ledi ndiyo iliyomchukua. Ugonjwa ulimchukua, kabla ya mavuno ya kahawa. Wewe ulikua, ukasoma, ukanizidi urefu, na leo una wawili wanaoisubiri nyama yako.

Basi chukua za shaba. Watakwambia bunduki yako imezoea nyingine, na huenda ni kweli, kwa hiyo piga shabaha kwanza mpaka uizoee, wala usiijaribie kwa mnyama. Usipige mbali ili usifiwe. Hata kwa shaba, jeraha likate, lifukie, mbwa asilifikie. Na umefanya vyema kuniuliza, maana kuuliza si ujinga. Mimi sikumuuliza mtu, na nusura majuto yangu yawe wewe.

Ninakutumia lile bakuli jeupe la mama yako. Limebanduka ukingoni, lakini ndani bado ni jeupe. Mungu akupe jicho tulivu na mguu usiochoka kusogea. Wanao wale, washibe, na kila utakapoosha kipande humo, chini uone weupe mtupu.