Mlango wa Bawaba

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi rangi anayejulikana mtaani kwa jina la Bawaba yuko juu ya ngazi, mbele ya ukuta wa ghala kuukuu, anapaka mlango rangi ya samawati. Ukungu bado umetanda. Ukipita hapo na usingizi machoni, unaweza kujikuta unabisha hodi. Wengi wameshabisha.

Mlango wenyewe haupo. Ni mchoro tu, na huu ni mwaka wa ishirini na nane anaupaka upya.

Alipouchora mara ya kwanza alikuwa kijana. Bwana Picha, mzaliwa wa mji huu, alikuwa anatengeneza filamu yake ya kwanza na hakuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya mhusika wake. Akamwomba amchoree mlango ukutani. Haraka haraka haina baraka: kitasa akakichora upande uleule wa bawaba. Alipotaka kukifuta, Bwana Picha akamshika mkono.

"Akaniambia, 'Acha hivyohivyo, ndugu yangu. Huu ni mlango wa kuota, si wa kupita,'" anasimulia. "Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mji mzima ulinicheka, na jina ndilo hilo likaniganda."

Bwana Picha alifariki miaka tisa iliyopita, lakini mji bado haujaamka kutoka kwenye filamu ile. Kundi la maigizo haliweki jukwaani mlango wenye kitasa mahali pake. Wachoraji nao ni vivyo hivyo. Mgeni akiuliza, huambiwa bila aibu kwamba ndivyo milango ilivyo.

"Baba alikosea mara moja, sisi tunakosea makusudi," anasema binti wa Bawaba, mwigizaji wa kundi hilo. "Tukikiona kile kitasa, tunajua tumeshaingia kwenye hadithi."

Bawaba hupata nyumba mbili za kupaka kwa mwezi, tatu zikiwa nyingi, na goti la kushoto limeanza kugomea ngazi. Kazi ya ukuta huu hailipwi. Na sasa mwenye ghala ameamua: mwezi ujao ukuta utatobolewa, uwekwe mlango wa kweli wa duka, palepale.

"Nililia, sikufichi," anasema bila kugeuka. "Nikaenda kumsihi. Akaniuliza, 'Sasa mzee wangu, niuweke wapi? Si kila mtu anajua mlango uko pale?'"

Mbona basi anaupaka?

"Mtu hasafiri na nguo chafu."

Amemwomba mwenye ghala jambo moja tu, naye amekubali: siku seremala akimaliza, kabla duka halijafunguliwa, Bawaba awe wa kwanza kupita.

"Miaka yote hii nimesimama nje," anasema, akichovya brashi. "Nataka niingie."