Kanisa Lililojazwa Tumbaku

Kanisa letu dogo lilikuwa kando ya barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mabati yake aliyapigilia misumari kwa mkono wake mwenyewe. Serikali ilipopiga marufuku madhehebu kama letu, askari walikuja asubuhi wakatuambia tutoe viti. Tukavitoa. Baada ya mavuno jengo likajazwa tumbaku, nami nikapata kibarua humo cha kuchambua majani. Nilikaa palepale nilipofungia ndoa. Watu waliniuliza kama sioni uchungu. Niliendelea kuchambua.

Mtunza ghala alikuwa Mnubi wa Oli, mtaa wa mjini Arua, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Mvua zilipoanza paa likavuja, akamwita baba.

"Mzee, huko juu iko mubaya. Wacha kijana moja apande."

"Mimi nilijenga," baba akasema. "Mimi najua."

Alianguka kabla ya adhuhuri. Nilisikia kishindo nikiwa na majani mkononi. Mtunza ghala alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Baba hakumaliza wiki.

Kumwombea hadharani kwa desturi yetu kulikuwa hatari. Mama alitaka tumzike kimyakimya nyuma ya nyumba. Mtunza ghala akaja, akasimama mlangoni.

"Mama, leta mzee kule kwake. Mimi nasogeza mizigo."

"Na wakijua?"

"Nitasema iko watu ya kazi."

Tulimlaza baba katikati ya marobota ya tumbaku. Mtunza ghala akakaa nje, mgongo ameuegemeza mlangoni, tasbihi mkononi. Mama akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, wanawake wakaupokea. Mimi nilifungua kinywa. Sauti haikutoka, wala machozi. Kisha tukamzika nyuma ya nyumba. Kesho yake nilirudi kazini.

Vita vilipotukaribia mwaka wa sabini na tisa, mtunza ghala alikimbilia Kongo na watoto wake, kwa kuwa Wanubi walihesabiwa watu wa serikali iliyokuwa ikianguka. Alipita kwetu kumuaga mama. Walishikana mikono. Sikumwona tena. Tumbaku ikaporwa. Wakimbizi wakalala mle ndani na kupika mle mle. Baadaye marufuku ikaondolewa, watu wachache wakafagia, tukaitwa kusali. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi. Mhubiri aliposema tusimame nilisimama, aliposema tukae nilikaa. Mama, pembeni yangu, alilia ibada nzima.