Maji ya Kulwa na Doto

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua pale Didia ambayo hainitoki kichwani. Kwa kuwa kesho unakwenda kuanza uuguzi kwenye zahanati ya machimboni, huko mbele ya Katoro, heri nikusimulie kabla hujafunga begi lako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wifi yangu alijifungua mapacha mchana, mimba ikiwa ya miezi saba, na mto ulikuwa umefurika, hakuna wa kumleta padri wala wa kutufikisha hospitali. Watoto walikuwa wadogo mno, tena walifanana. Mama yangu aliwalaza kwenye khanga moja karibu na jiko, na katika hofu ile hakuna aliyekumbuka kumfunga uzi mkononi Kulwa, yule wa kwanza, ili tumtofautishe na Doto. Katekista wetu, Mzee Lukas, alikuwa ametufundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Siku ya somo hilo mimi nilikuwa nachezea ushanga wa rafiki yangu.

Mmoja akaanza kubadilika rangi. Nikachota maji kwa kikombe, nikammiminia kichwani, nikasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nikageuka kuchota mengine. Kurudi, nakuta mama amewanyanyua, amewafuta, amewalaza upya. Nikammiminia aliyekuwa karibu nami. Ni yule yule, au mwenzake? Sikujua. Nilitaka kuwarudia wote wawili, lakini somo nililikumbuka nusu tu, kwamba ubatizo haurudiwi, nikaogopa. Jioni mmoja akafa. Wifi akaniuliza kama wote wamebatizwa. Nikasema ndiyo.

Kaka aliamua tu kwamba aliyebaki ni Doto. Miaka kumi nilimtazama akikua, na kila nilipokwenda kukomunika nilijiuliza kama nimemnyima mmoja mbingu au mwingine Ukristo. Mara najiambia Mungu anajua, mara naona huo ni ujanja wangu wa kujisamehe. Niliungama mengine yote, hilo nikalificha.

Doto alipokaribia komunyo ya kwanza, nikashindwa. Nikamweleza Mzee Lukas.

"Sasa wewe binti, miaka yote hiyo umemwachia mama yake uongo?"

"Niliogopa, baba."

"Kuogopa sawa. Ila umejifanya wewe ndiye mwenye ufunguo wa mbinguni. Kesho tunakwenda kwa padri. Kwa wifi yako utasema mwenyewe."

Padri alimbatiza Doto kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza." Wifi alilia nilipomweleza, akakaa bila kusema nami hadi mavuno. Nikamuuliza padri, na yule mwingine? Akasema Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na huruma hiyo haikungoja kikombe changu. Maneno niliyaelewa. Moyo haujayaelewa vizuri hadi leo, sikufichi.

Basi, mwanangu, yajue yale maneno yote, si nusu. Mzazi akikuomba, maji yapite kichwani huku unatamka. Ukiwa na shaka, sema "kama hujabatizwa." Ukikosea, mwambie mama mtoto siku hiyo hiyo, maana uongo wangu ndio uliomuumiza wifi. Na usingoje uelewe kila kitu ndipo usali. Mimi nasali nikiwa nimechanganyikiwa hivi hivi, na bado naona nasikilizwa.

Kila siku ya Marehemu Wote natoa nia ya Misa kwa majina yote mawili. Doto hunitania, "Shangazi, unaniombea marehemu, na ugali wako nimeumaliza sasa hivi." Namjibu kwamba sitaki kubahatisha tena.

Sogea nikuwekee ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mungu aishike mikono yako pale itakapotetemeka, na wakija mapacha, mfunge uzi yule wa kwanza.